Kijana ana barua za vyuo vitatu vya Kanada, anataka kazi za fedha huko nje. Tumpeleke wapi?

Mjomba wa Tabata

Wakuu, heshima kwenu. Nimesoma humu miaka mingi kimyakimya, huu ndio uzi wangu wa kwanza, mnivumilie.

Nina mpwa wangu, kamaliza kidato cha sita mwaka jana, EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), Divisheni Wani ya pointi 4. Kichwa anacho, sibishani na mtu. Tangu yuko kidato cha tatu anaimba kitu kimoja: fedha. Nikisema uhasibu ananisahihisha. Si uhasibu mjomba, ni fedha, kuthamini kampuni, hisa, hatifungani, kujua mradi utarudisha hela au utazimeza. Mwaka mzima amekaa kwangu anajaza fomu za vyuo vya Kanada kwa bando langu.

Sasa barua zimekuja. Ya kwanza Rotman Commerce, digrii ya biashara ya Chuo Kikuu cha Toronto. Ya pili Western, na wamempa nafasi ya awali ya kuingia Ivey, shule yao ya biashara. Ya tatu Waterloo, hisabati, ule mfumo wao wa kupishanisha masomo na kazi. Na kuna ya nne ambayo hakuiomba. Ajenti mmoja wa pale mjini katuletea barua ya koleji ya binafsi, diploma ya biashara ya miaka miwili. Anasema hiyo ndiyo njia rahisi, viza uhakika, mtoto atafanya kazi ajilipie, digrii atamalizia mbele kwa mbele.

Hali ya hela: shemeji yangu alikuwa dereva wa malori makubwa mgodini kule Kahama, alitutoka miaka minne iliyopita. Dada ana nyumba moja ya kupangisha na kiwanja Kigamboni. Yuko tayari kuuza kiwanja. Na mimi nina kidogo changu.

Naomba mlioko huko mseme, si wa kuhadithiwa. Kipi kitamfikisha New York, London au Dubai? Naomba kuwasilisha.

Chumvi ya Unguja

Mjomba, "mbele kwa mbele" ndiyo jimbo gani la Kanada? Naona halipo kwenye ramani.

Mwanafunzi wa Zamani

Naweka kambi hapa. Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa viza.

Baridi Kali

Mjomba, shikamoo. Niko Toronto mwaka wa tisa huu, nafanya kazi benki, upande wa vihatarishi. Nitaandika kirefu kwa sababu wakati nakuja mimi hakuna aliyeniambia haya.

Tuanze na ajenti. Hiyo barua ya nne weka kando, na kama mmeshamlipa chochote dai risiti. Ukihitimu Kanada unapewa kibali cha kazi baada ya masomo, wenyewe wanakiita PGWP, na kibali hicho mtu hupewa mara moja tu maishani. Ukikitumia kwa diploma, siku unamaliza digrii hakuna kingine. Yaani ile "mbele kwa mbele" ndiyo mtego wenyewe. Na zipo koleji za binafsi ambazo hata hicho kimoja hazikupi: zile zilizokuwa zinafundisha mtaala wa koleji ya umma kwa makubaliano, mwanafunzi aliyeanza kuanzia tarehe 15 Mei 2024 hapati PGWP kabisa. Habari ya kujilipia nayo ni chai. Wakati wa masomo unaruhusiwa saa 24 kwa wiki nje ya chuo. Saa 24 za kupanga bidhaa usiku zitalipa chumba na chakula, ada hazitaisogelea.

Sasa hizo tatu. Zote ni barua nzuri, kijana kafanya kazi. Ila usizipange kwa kuangalia jedwali la vyuo bora duniani. Kazi za fedha Kanada kwa sehemu kubwa zinaishi mtaa mmoja, Bay Street, katikati ya Toronto. Hapo ndipo RBC, TD, Scotiabank, BMO na CIBC zinafanyia shughuli zao kubwa. Ya sita, National Bank, iko Montréal. Ongeza mifuko ya pensheni kama CPP Investments, Ontario Teachers' na OMERS, inayonunua mpaka viwanja vya ndege nje ya nchi, na nafasi zake watu wanagombania kuliko za benki. Watu wa Bay Street wana mazoea ya kuchukua vijana wa vyuo walivyosoma wao. Kwenye benki za uwekezaji majina mawili utayasikia kila ghorofa: Ivey, na Commerce ya Queen's kule Kingston. Si kwamba wengine hawaingii. Wanaingia, ila wanapanda ngazi wakati wenzao wamekuta lifti imefunguliwa.

Niliwahi kukaa siku moja kwenye darasa la Ivey, rafiki yangu alinikaribisha. Viti vimepangwa kwa duara nusu, kila mtu ana kibao cha jina mbele yake. Mwalimu hahutubii. Usiku mmesoma kisa cha kampuni fulani, asubuhi anauliza, wewe ungekuwa meneja ungefanyaje? Mikono inaruka. Kuchangia kuna maksi. Sasa sisi tuliotoka shule ambazo ukinyoosha mkono bila kuulizwa unaitwa kiherehere, wiki za kwanza unakaa na jibu mdomoni mpaka wenzako wamelimaliza. Yule rafiki yangu alikuwa anaandika sentensi ya kwanza kwenye kiganja, apate pa kuanzia.

Halafu mjomba, hiyo nafasi ya awali bado si Ivey. Atasoma miaka miwili kozi nyingine pale Western, alinde wastani wa 80 kwenda juu na aonekane kwenye shughuli za chuo, ndipo mwaka wa tatu aingie. Western yenyewe iko mji unaitwa London, jimbo la Ontario, mwendo wa saa mbili na kitu kutoka Toronto. Msije mkamkatia tiketi ya Uingereza.

Waterloo ni mnyama mwingine. Ko-opu yao ni miezi minne darasani, miezi minne kazini, unazunguka hivyo mpaka unahitimu ukiwa na takriban miaka miwili ya kazi kwenye CV. Kwa mgeni asiye na mjomba Bay Street hicho ni kitu kikubwa, maana kazi ya kwanza ndiyo inayotesa. Lakini hisabati yao haina huruma. Kama A ya Advance aliipata kwa kumaliza mitihani iliyopita, ajipime vizuri.

Rotman iko katikati ya jiji. Unapanda treni ya chini kwa chini pale St George, vituo vichache uko King, umefika kwenye magorofa ya benki. Hilo linasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kazi hizi zinapatikana kwa kahawa. Unamwandikia mtu usiyemjua, unamwomba dakika 15. Mwaka ule niliandika barua pepe 60, saba wakajibu, wanne tukaonana. Wa kwanza nilimfuata Februari, nimevaa suti niliyonunua Kariakoo na viatu vyenye alama nyeupe za chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Yule mzungu akaviangalia, akacheka, akanionyesha njia za chini ya ardhi, wanaziita PATH, zaidi ya kilomita 30 za maduka na korido zinazounganisha majengo yote yale. Akaniambia, huku kila mtu anapita chini, wewe peke yako ndiye uliyekuja kwa juu. Kazi hakunipa. Lakini njia nikaijua.

New York nitaeleza kesho, naingia kazini.

Chumvi ya Unguja

Nimesoma yote, na mimi nauza urojo. Endelea mkuu.

Binti Makumbusho

Niko London, ile yenye mfalme. Baridi Kali ameandika vizuri lakini ameandika kama mtu wa Bay Street. Mleta uzi hakuuliza Bay Street, ameuliza London na Dubai.

Huku kwetu ukisema Ivey, anayekujua ni yule aliyewahi kufanya kazi na Mkanada. Ukisema Toronto au McGill ya Montréal, hata mlinzi anatikisa kichwa. Na si suala la sifa tu. Uingereza kuna viza ya watu wenye uwezo mkubwa, HPI, ilianza Mei 2022. Mtu aliyehitimu ndani ya miaka mitano chuo kilichomo kwenye orodha yao anapewa miaka miwili ya kuishi na kutafuta kazi bila kuwa na mwajiri mkononi. Vyuo vya Kanada vilivyokuwa vinajirudia kwenye orodha hizo ni Toronto, McGill na UBC ya Vancouver. Western na Queen's kwenye orodha za mwanzo hazikuwemo. Orodha hupangwa kwa mwaka uliohitimu, kwa hiyo lazima aangalie ya mwaka wake. Unaona sasa? Chuo kinachokufungulia mlango Toronto siyo lazima kikufungulie Heathrow.

Dubai vilevile. Pale DIFC, kituo chao cha fedha, unachujwa na mtu wa rasilimali watu aliyetoka Mumbai au Beirut. Yeye anaangalia jina analolijua, anaangalia umefanya wapi kazi, anaangalia kama una CFA, ile mitihani ya kimataifa ya wachambuzi wa fedha. Hajui habari za darasa la duara nusu.

Kijana wa Eldoret

Salamu kutoka Kenya, majirani. Nimesomea Vancouver, UBC, kwa sasa niko Nairobi. Naongeza moja tu kuhusu hiyo New York maana iliniumiza.

Watu husema, enda Kanada, halafu uvuke mpaka kwa viza ya TN ya ule mkataba wa biashara wa Marekani, Kanada na Meksiko. Ni kweli TN ni rahisi ukilinganisha na H-1B, ile viza ya kazi ya Marekani wanayoombea watu wa nchi zote, haina bahati nasibu. Lakini ni ya raia. Siyo ya mwanafunzi, siyo ya mwenye ukaazi wa kudumu, ni ya mwenye pasipoti ya Kanada. Na hata ukiwa raia, ile orodha ya taaluma ina mhasibu na mwanauchumi, ila tangu 2017 uhamiaji wa Marekani walishatoa mwongozo kwamba mchambuzi wa fedha hahesabiki kama mwanauchumi. Kwa hiyo cheo chenyewe ambacho kijana anakitaka ndicho kinacholeta shida mpakani.

Uraia wa Kanada unahitaji siku 1,095 za kuwepo nchini ndani ya miaka mitano, ukiwa umepata ukaazi wa kudumu. Sisi Wakenya tuna uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Nyinyi Watanzania mnajua wenyewe, ukichukua wa kwao unaacha wa nyumbani. Mjomba, hiyo muulize mamake kabla hajauza kiwanja.

Baridi Kali

Eldoret kanimalizia kazi. Binti Makumbusho, nakubali nusu. Orodha za viza hubadilika kila mwaka, huwezi kumpangia mtoto miaka minne kwa orodha ya watu wa Home Office ya Uingereza. Kazi ya kwanza ndiyo inayokupeleka ya pili. Ukishafanya miaka mitatu benki kubwa Toronto, Dubai watakutafuta wao, na hakuna atakayeuliza ulikaa darasa gani.

Binti Makumbusho

Ukishaipata. Hiyo "ukishaipata" ndiyo iliyobeba mzigo wote kwenye sentensi yako.

Mjomba wa Tabata

Wakuu nashukuru sana, mnanifungua macho. Huyo ajenti nimemwambia arudishe barua yake, kanuna, kasema tutamkumbuka.

Hakuna aliyegusa hela. Mpwa wangu anasema ada ya Rotman imeandikwa kwenye barua, ila dada hajaiona bado.

Dada wa Scarborough

Kaka yangu, shikamoo. Ngoja niiguse mimi, na utanisamehe.

Mwanafunzi wa kigeni pale Rotman Commerce analipa zaidi ya dola 60,000 za Kanada kwa mwaka, ada peke yake. Kwa kibali cha masomo, uhamiaji wanataka uonyeshe ada ya mwaka wa kwanza na hela ya kuishi juu yake. Hela hiyo ya kuishi kwa mtu mmoja ilikuwa dola 10,000 miaka mingi, Januari 2024 ikapanda ikawa 20,635, na tangu Septemba 2025 ni 22,895. Zidisha kwa miaka minne halafu geuza kuwa shilingi. Unapita nusu bilioni. Kiwanja cha Kigamboni kinaweza kuwa na bei nzuri kaka, ila sidhani kama kina bei hiyo, labda kiwe na mafuta chini.

Na ukiuza, uza kwa akili. Ombi langu la kwanza lilikataliwa. Barua ilisema afisa hajaridhika kwamba nitaondoka Kanada mwisho wa masomo yangu, hayo ndiyo maneno yao ya siku zote, lakini chini kuna suala la fedha. Baba alikuwa ameuza ng'ombe na shamba, akaweka milioni zote siku moja, wiki mbili kabla ya kuomba. Mimi nikachapa taarifa ya benki nikapeleka. Ukiitazama ile karatasi ni kichekesho: laki mbili, laki na nusu, laki tatu, halafu ghafla mlima. Mara ya pili nikaambatanisha mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri na wakili, hati ya shamba lenyewe, risiti za mnada, barua ya baba ya ukurasa mmoja inayoeleza kila shilingi imetoka wapi. Nikapata.

Ila sikwenda kusoma digrii ya kwanza. Digrii nilisoma chuo cha fedha IFM, hapo hapo Posta ya Dar, kwa mkopo wa Bodi. Nikafanya kazi benki Dar miaka minne, nikajilimbikizia, ndipo nikaja uzamili. Zipo za uzamili za fedha za muda mfupi sana huku. Rotman wana ya usimamizi wa vihatarishi vya fedha ya miezi minane, Schulich, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha York, wana ya mwaka mmoja. Na tangu Februari 2024 uzamili wa kuanzia miezi minane kwenye chuo kinachostahili unaweza kukupa kibali cha kazi cha miaka mitatu, sawasawa na aliyekaa miaka minne. Piga hesabu ya mtu aliyelipa mwaka mmoja na aliyelipa minne, wote wametoka na kibali kilekile.

Msinielewe vibaya. Mwaka ule mmoja ulinitoa jasho. Ada ya uzamili ni kubwa nayo, na unafika Septemba, Oktoba kampuni zimeshaanza usaili, hujajua hata basi linapita wapi.

Baridi Kali

Dada ana haki kwenye hesabu. Ila kuna kitu hajakisema. Benki za uwekezaji huku zinachukua vijana wa mafunzo ya kiangazi wakiwa bado digrii ya kwanza, wengine mwaka wa pili. Ukija na uzamili mlango ule umeshafungwa kwa sehemu kubwa. Unaingia vihatarishi, hazina, mikopo ya makampuni. Ni kazi nzuri, mimi mwenyewe ndiko niliko. Lakini kama kijana anaota kuuza na kununua makampuni, asidanganywe kwamba njia zote mbili zinafika palepale.

Dada wa Scarborough

Sijasema zinafika palepale. Nimesema moja haiuzi kiwanja cha mjane.

Mwanafunzi wa Zamani

Hapo umeua.

Bujumbura kwa Ziwa

Amahoro ndugu zangu. Mimi ni Mrundi niko Ottawa. Naona mnaongea Kiingereza tu. Kwa wale wa Burundi, Rwanda, Kongo wanaosoma uzi huu: Kifaransa chetu ambacho tulikiona mzigo shuleni, huku ni mtaji. Tangu 2023 kwenye Express Entry, ule mfumo wa kuombea ukaazi wa kudumu, kuna mizunguko ya watu wanaojua Kifaransa peke yao, na alama zinazotakiwa huwa chini sana kuliko mizunguko ya kawaida. Agosti 2024 wakaanzisha majaribio ya wanafunzi wa Kifaransa kwenye jamii zilizo nje ya Québec, nchi zetu zimo, na huko hulazimiki kumshawishi afisa kwamba utarudi. Chuo Kikuu cha Ottawa nacho kina punguzo la ada kwa wageni wanaosoma kwa Kifaransa.

Kwa kijana wa mjomba: kama ana mwaka wa kukaa bure, aanze Alliance Française pale Dar leo. Akienda McGill bila Kifaransa atasoma vizuri tu, lakini kazi Montréal zitamkwepa. Caisse ya Québec, CDPQ, ni mfuko mkubwa kweli, na humo ndani watu wanaongea Kifaransa mpaka kwenye lifti.

Mjomba wa Tabata

Sasa mmenichanganya kabisa. Nilikuja na vyuo vitatu naondoka na nchi nne. Na huo ufadhili vipi? Nasikia Toronto wanatoa ufadhili wa kila kitu.

Baridi Kali

Upo, unaitwa Lester B. Pearson. Ada, vitabu, malazi, miaka yote minne. Unatolewa kwa wanafunzi wachache mno kutoka dunia nzima, na mtoto hajipeleki mwenyewe, shule yake ndiyo inayomteua, na inateua mmoja. Wakuu wa shule zetu wengi hawajui hata kama wana haki ya kuteua. UBC nao wana ufadhili wa aina hiyo, wanaangalia uwezo wa mtoto na shida ya nyumbani kwa pamoja. Kwa kijana aliyeshapata barua bila ufadhili wowote ndani, treni hiyo imeshapita, labda aombe upya. Kwa wenye watoto kidato cha tano, nendeni shuleni sasa hivi, si baada ya matokeo ya Julai. Matokeo yakitoka Julai huku masomo yanaanza Septemba, hata kibali hakitakuwa kimetoka.

Mtoto Mwenyewe

Wakubwa zangu shikamooni. Mimi ndiye huyo mpwa. Nilikuwa nasoma tu ila imebidi nijiunge.

Kwanza sijawahi kusema New York. New York ameiongeza mjomba.

Nikiwa darasa la sita baba alinichukua siku ya familia mgodini. Nikaona lori ambalo tairi lake lilikuwa refu kuliko nyumba yetu ya uani. Nikamuuliza baba hili bei gani, akasema hajui, bei wanaijua watu wa Toronto. Nikamuuliza dhahabu ikishatoka inauzwaje, akasema hilo pia wanajua watu wa Toronto. Kila nilichouliza, Toronto. Ndiyo maana nikaomba Toronto. Baadaye nikiwa sekondari ikaja ile habari ya Twiga, kampuni ya pamoja ya migodi ya dhahabu, serikali ikapata asilimia 16 na Barrick ya Toronto 84, nikawa nasoma magazeti sielewi kitu: asilimia 16 ya nini hasa, imethaminiwaje, nani aliipigia hesabu na upande wetu nani alikuwa na kikokotoo. Mimi nataka kuwa huyo mwenye kikokotoo. Nataka kuthamini migodi. Nikishajua nirudi.

Halafu kuna kitu sikumwambia mjomba. Mwaka jana nilichaguliwa UDSM, BCom ya Fedha. Sikuthibitisha kwa sababu nilikuwa nangoja Kanada. Barua ninayo. Dirisha la TCU la maombi ya vyuo likifunguliwa naweza kuomba tena. Hela ya kiwanja niliijua tangu mwanzo kwamba haitoshi, ila mama alikuwa na furaha sana barua ya Rotman ilipokuja, akaipeleka kanisani.

Swali langu ni hili: nikisoma Dar halafu nije uzamili, huo mlango wa migodi nitaukuta umefungwa kama Baridi Kali anavyosema?

Chumvi ya Unguja

Mjomba umekamatwa live.

Baridi Kali

Mdogo wangu, ungeandika hivi tangu mwanzo tungejibu kwa mistari mitano.

Hapo uko sahihi na Toronto yako. Soko la hisa la Toronto na mdogo wake TSX Venture ndiyo yenye kampuni nyingi za madini kuliko soko lolote duniani. Kila Machi kunakuwa na mkutano wa PDAC, jiji zima linajaa watu wa migodi, utakuta mpaka ujumbe wa wizara kutoka nyumbani wana banda lao wanagawa kahawa ya Kilimanjaro. Hapo hapo Chuo Kikuu cha Toronto kuna Taasisi ya Lassonde inayoshughulika na madini tu. Kwa fani hii nisingekupeleka Waterloo wala Ivey hata kama ni bure. Naam, kama ni bure Ivey ungeenda, tusidanganyane.

Sasa mlango. Kuthamini mgodi ni kazi ya ajabu kidogo, kwa sababu mali iko chini na kila mwaka inapungua. Anayeijua huwa ni mtu wa fedha anayeweza kusoma ripoti ya mwanajiolojia. Hao ni wachache hata hapa Bay Street. Madawati ya utafiti wa hisa za madini yanachukua wanajiolojia na wahandisi waliofanya kazi mgodini miaka kadhaa kisha wakasoma fedha. Kwa hiyo kijana aliyesoma fedha Dar, akafanya kazi miaka mitatu idara ya fedha kwenye mgodi wa Geita au Bulyanhulu, akaja hapa uzamili wa mwaka mmoja, ana kitu ambacho mtoto wa Ivey hana. Mlango wako wewe haupitii mafunzo ya kiangazi ya mwaka wa pili. Nilichosema mwanzo kilikuwa cha kijana wa New York wa mjomba.

Ukiwa chuo anza CFA. Daraja la kwanza unaruhusiwa kufanya ukiwa umebakiza miezi 23 au chini ya hapo kuhitimu. Na chukua masomo ya jiolojia hata kama hayahesabiwi.

Dada wa Scarborough

Mdogo wangu, na PGWP yako itakuwa bado nzima haijaguswa. Ukiwa tayari niandikie, nitakuonyesha ile barua ya baba uige.

Rotman waandikie kwa adabu uwaulize kama unaweza kuahirisha mwaka mmoja wakati unaomba ufadhili upya. Wakikataa umepoteza barua pepe moja.

Binti Makumbusho

Na orodha yangu ya HPI naikunja naondoka nayo. Ila ukija kuthamini migodi huku pia wapo, Rio Tinto makao yao yako London. Usiseme hukuambiwa.

Mjomba wa Tabata

Nimesoma nikiwa nimekaa sebuleni, na huyu mwandishi yuko chumba cha pili, ukuta mmoja. Siku zote hizi ananiitikia "ndiyo mjomba".

Wakuu nawashukuru sana. Dada nimempigia, amelia kidogo, halafu akauliza kama UDSM wanalaza bwenini.

Wewe Mtoto Mwenyewe, toka huko uje na barua ya UDSM. Na chaja yangu.